Serikali Ikijenga Darasa, Anayeumia Ni Mimi

Jamani, mimi siipingi serikali. Naomba hilo lieleweke mapema, kabla mtu hajapeleka jina langu kwa mtendaji. Madarasa nayataka. Watoto ninao. Tena ninao kweli kweli, watano, wote shule za serikali, huku kwetu ukishaipita Chanika, unashuka daladala, unapanda bodaboda, halafu bodaboda mwenyewe anapunguza mwendo anakuuliza, "Bro, una uhakika huku kuna watu?"

Watu wapo. Ndiyo tatizo lenyewe.

Ninacholalamikia ni kimoja tu. Kila serikali ikileta hela ya kuboresha shule zetu, mfuko unaotoboka ni wangu. Mangi wa dukani anasema nina nuksi. Mke wangu, Mama Shamimu, anasema sina nuksi, sina hela, nisichanganye mambo.

Chukua habari ya viatu. Shule yetu ya msingi ilikuwa na zamu mbili, asubuhi na mchana, kwa sababu watoto walikuwa wengi na vyumba vilikuwa kiduchu. Idi alikuwa zamu ya asubuhi. Kaka yake, Abuu, zamu ya mchana. Miguu yao Mungu kaikadiria sawa, Idi akitia gazeti kidogo mbele. Basi mchana Idi anatoka mbio, Abuu anamsubiri njiani, pekupeku, chini ya mwembe. Wanabadilishana viatu. Wanabadilishana sweta. Begi linahama bega. Pea moja, wanafunzi wawili! Hata Wizara ya Fedha haijawahi kubana bajeti namna ile.

Kwenye vikao vya wazazi nasikia wenzangu wanafoka. Zamu zinawachosha watoto. Vipindi vinakatwa. Wa mchana wanasoma na jua la utosini, nusu wamelala. Mimi kimya. Naangalia bati. Nikiulizwa maoni nasema tuwape walimu moyo.

Halafu madarasa mapya yakaja, zamu zikafutwa, watoto wote wakatakiwa shuleni asubuhi, kila mmoja na miguu yake. Nimekopa kwenye kikoba cha Mama Shamimu kununua viatu. Mwanamke ananikopesha mwenyewe, kwa riba, na ananikumbusha wakati wa kula.

Lakini nimekimbia mbele. Ngoja nirudi.

Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541. Sensa ya 2022 ikaikuta na watu 5,383,728. Yaani milioni moja na ushee wameongezeka kwa miaka kumi, na mimi nikitazama foleni ya daladala jioni naona wote wamejengea kwetu. Nchi nzima tulitoka milioni 44.9 tukafika milioni 61.7. Karani wa sensa alipofika kwangu, akauliza watoto, nikamtajia. Akainua macho kutoka kwenye kishikwambi. Akaniangalia mimi. Akaiangalia nyumba. Akaniangalia tena. Hakusema neno, nadhani wamefundishwa. Baadaye vile vishikwambi vya sensa vikagawiwa walimu. Kwa hiyo kifaa kilichonihesabia watoto huenda ndicho kinachowaandalia masomo. Nina wasiwasi bado kinanikumbuka.

Hiyo shule ya msingi ilijengwa enzi za MMEM, ule mpango ulioanza 2002, wakati ada ya shule ya msingi ilipofutwa na kila kijiji kikakimbilia kufyatua tofali. Huku kulikuwa mikorosho na miembe, na watoto wa mikorosho walitosha kwenye vyumba vile. Ikaja Januari 2016, elimu bila malipo mpaka kidato cha nne. Watoto waliokuwa wamefungiwa majumbani na michango wakatoka. Walitoka! Dawati la watatu likakaliwa na watano, wa sita anachutama pembeni kama kondakta. Mwaka ule ule nchi nzima ikawa mbioni kutafuta madawati, wakuu wa mikoa wamepewa mwisho wa Juni, na kila kiongozi ukimwona kwenye taarifa ya habari amekalia dawati jipya.

Sisi wahamiaji nasi tukawa tunamiminika. Mimi kiwanja nilinunua kwa mzee mmoja wa pale, ishirini kwa ishirini. Nilimuuliza barabara itapita wapi. Akanyoosha mkono hivi. Nikaridhika. Shule sikuuliza, zahanati sikuuliza. Nani anauliza shule wakati ana hela mkononi na dalali anamwambia kuna mteja mwingine yuko njiani na Noah? Wote tulikuja hivyo hivyo. Tukakatakata mashamba, kila mtu ukuta wake, mjumbe akala asilimia yake, hakuna aliyebakiza hata eneo la kusimamisha goli. Tulipomaliza, tukakaa kwa Mangi tukaanza kuuliza: hivi serikali iko wapi?

Serikali ikaja. Ilianzia sekondari ya kata, ile ya jirani. Mnakumbuka fedha za UVIKO, Oktoba 2021, trilioni 1.3 za mkopo wa IMF? Humo mlikuwa na madarasa 15,000, mengi ya sekondari, milioni 20 kila chumba. Watu walijenga usiku na mchana, mafundi wakawa adimu, ukimtaka fundi akuzibie ufa anakuuliza kama una mradi wa serikali au unamchezea. Mwaka ulipokwisha vyumba vilikuwa tayari.

Na ndiyo mwaka ambao Shamimu wangu alifaulu.

Sikilizeni. Miaka ya nyuma mtoto akifaulu na madarasa hayatoshi, anasubiri chaguo la pili. Februari, au Machi. Mzazi unapata pumzi. Unasema, "Tunasubiri majina," huku unatafuta hela ya sare polepole, kwa heshima. Mimi mpango wangu wote ulikuwa umekaa kwenye chaguo la pili. Januari 2022 wakaingia wote kwa mkupuo! Hakuna chaguo la pili. Nilikwenda mwenyewe kwenye ubao wa matangazo, nikasoma jina la mwanangu, nikalisoma tena. Mzazi mwenzangu akanipiga bega, "Machozi ya furaha, eh?" Nikamwambia ndiyo.

Sasa turudi msingi. Siku moja Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Shule imepata hela, za mradi wa BOOST, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 500 kwa shule za awali na msingi nchi nzima. Zinajengwa kwa fosi akaunti. Wengi tulipiga makofi kwanza, tukaulizana baadaye. Fosi akaunti maana yake hakuna mkandarasi. Hela inaingia akaunti ya shule, shule inatafuta fundi wa mtaani, wananchi wanaunda kamati. Kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi.

Mimi katikati ya mkutano nikatoka kidogo kununua vocha. Kosa kubwa kuliko yote kwenye mkutano wa hadhara ni kutokuwepo. Niliporudi watu wananipigia makofi. Nipo kamati ya mapokezi.

Niliipenda. Mapokezi! Nikajiona kabisa nimesimama getini, Mkuu wa Wilaya anashuka kwenye Landcruiser, mimi ndiye wa kwanza kumpa mkono. Basi Mwalimu Mkuu, Madamu tunamwita, akanipigia simu usiku: "Baba Shamimu, kesho saa kumi na mbili asubuhi kuna mapokezi, usikose." Mama Shamimu akatoa kaunda suti ya harusi. Akainyoosha kwa pasi ya mkaa. Nikapaka viatu kiwi. Saa kumi na moja na nusu niko getini, nanukia marashi.

Likaja fuso la simenti.

Utingo wakasema kazi yao ni kushusha chini, si kuingiza stoo. Makuli waliopangwa hawajafika. Wingu limetanda. Madamu akaniangalia kwa huruma, lakini huruma ile ilikuwa inaelekeza mkono kwenye mifuko. Nikabeba. Niliporudi nyumbani yule mtoto wangu wa mwisho alifungua mlango, akaufunga, akapiga kelele, "Mama! Kuna babu nje!"

Kumbe kazi ya kamati ndiyo hiyo. Kila kinachoingia, mchanga, kokoto, nondo, mbao, bati, unahesabu, unakagua, unasaini. Mimi nakagua nini? Mimi nimesomeshwa na walimu wa UPE, wale waliokuwa wanaitwa Ualimu Pasipo Elimu, nao walijitahidi walipoishia na mimi nikaishia hapo hapo. Nikaambiwa bati ziwe geji 28. Geji ninayoijua ni ya mafuta kwenye daladala. Nikaambiwa nondo ziwe za milimita kumi na mbili. Nikazipima kwa kidole gumba. Fundi akasimama nyuma yangu. "Mzee, kidole chako kina milimita ngapi?" Sijui. Wewe unajua chako?

Lori la mchanga nalo mtihani. Dereva anasema tripu imejaa. Fundi anasema haijajaa, ameuchota chini ukapanda juu. Mimi nasimama katikati na kalamu. Naambiwa nipande juu nione. Nikapanda. Kushuka sikuweza. Mapumziko yakafika, shule nzima ikatoka nje, watoto mia ngapi sijui, wakazunguka lori kuniangalia ninavyotafuta pa kukanyaga. Idi alikuwepo. Alijifanya hanijui. Nilimwona kabisa anamuuliza mwenzake, "Yule nani?"

Manunuzi walikuwa na balaa lao. Siku hizi zabuni za serikali zinapitia kwenye mfumo wa NeST, kila kitu kwenye mtandao, na mtandao huku kwetu unapatikana juu ya kifusi cha kokoto. Kwa hiyo Madamu, na mtandio wake, na kompyuta mpakato mkononi, alikuwa anapanda kokoto kila jioni kutafuta mzabuni wa mbao. Halafu anashuka anakwenda kusahihisha madaftari ya darasa la mtoto mia na kitu, wakati mwongozo unasema arobaini na watano. Huyu mama sitamsema vibaya. Akinidai mchango tu ndiyo nakata kona.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni ukuta wangu. Nyumba yangu tangu tuhamie ni tofali tupu. Sasa mimi katikati ya ujenzi wa shule nikapata vijisenti, nikanunua simenti kwa Mangi, risiti ninayo mpaka leo, nikapiga lipu jiko. Jiko tu! Jioni yake nikaona watu wanapita mbele ya nyumba polepole. Wengine walikuwa hawana njia huku. Kijana mmoja akapiga picha. Dada mmoja akamwambia Mama Shamimu, "Hongera jirani, mradi umewakumbuka." Mwenyekiti akanifuata usiku, kwa upole kabisa, akaniuliza jiko limekula mifuko mingapi. Nikamwonyesha risiti. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma. "Mimi nakuamini," akasema, "lakini si uache kwanza, madarasa yaishe?" Niliacha. Chumba cha kulala kina nyufa mpaka leo, mjusi anaingia na kutoka bila kubisha hodi. Niliowahi kuwasikia wakila simenti za umma wana nyumba za ghorofa na hakuna anayewapiga picha. Mimi jiko!

Madarasa yakaisha. Mazuri, siwezi kusema uongo. Madirisha makubwa, sakafu inateleza, feni hakuna lakini hewa ipo. Siku ya kukabidhi akaja mgeni rasmi. Mapokezi yale ya kweli sasa. Mimi nikaambiwa nikae stoo nilinde rangi zilizobaki.

Na tulidhani tumepumua. Januari ikafika. Kumbe madalali wa vyumba walishabandika kwenye miti: vyumba viwili, umeme upo, maji karibu, shule mpya hatua chache. Watu wakaja na magodoro juu ya kirikuu. Mwenye nyumba wa jirani akapandisha kodi na sababu akaitaja ni elimu. Mwezi haujaisha, darasa jipya limejaa, na Madamu anatafuta pa kuweka wa awali. Wanaopanga wanahesabu watoto waliopo. Hela inachukua mwaka kufika. Ikifika inawakuta waliokuwepo wamepata wadogo zao, na wageni wamekuja na wa kwao. Mimi hesabu sijui, lakini hiyo hata mimi naiona.

Kikao cha kwanza cha mwaka likaja suala la mlinzi na uji. Mimi ndiye niliyesimama kwa hasira. Elimu ni bila malipo! Serikali inaleta ruzuku! Watu wakashangilia, nikapandwa na mori. Madamu akasubiri nimalize. Akasema, sawa Baba Shamimu, ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Kwa mwaka, akarudia. Katika hiyo, 4,000 ni ya vitabu, 6,000 ndiyo inaingia shuleni. Chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, vyote humo. Nikapiga hesabu kimyakimya. Msimbazi mmoja. Mimi jana yake nilikuwa nimeweka msimbazi kwenye mkeka na timu ya pili ikaniangusha. Elfu sita huku kwetu ni chipsi kuku na soda, na hapo kuku ni paja. Nikataka kukaa. Madamu akaendelea: "Na katika watoto tunaowaombea uji, wanne ni wa kwako." Waliokuwa wananishangilia ndio waliocheka kwa sauti zaidi.

Basi ningekuwa nimekoma. Lakini Mangi, anayesoma magazeti anayofungia vitumbua, akaniuliza swali. Abuu yuko darasa gani? La sita. Idi? La tano. Akanyamaza, akacheka peke yake.

Hamjui? Mtaala mpya ulianza Januari 2024. Shule ya msingi sasa inaishia darasa la sita, na elimu ya lazima imekuwa miaka kumi. Waliokuwa la tatu mwaka ule ndio wa kwanza kumaliza la sita. Waliokuwa la nne wanamaliza la saba kama zamani. Piga hesabu. Wote wanamaliza 2027! Januari 2028 kidato cha kwanza wanaingia watoto wa miaka miwili kwa mpigo, nchi nzima. Serikali inatafuta madarasa ya kuwaweka. Mimi Abuu alikuwa la nne. Idi alikuwa la tatu. Katika watu zaidi ya milioni sitini, kuna mtu alikaa akapanga hii kitu akinitazama mimi. Sare mbili, madaftari mawili mawili, viatu pea mbili, na miguu yao bado ni sawa lakini zamu hakuna!

Na ardhi ya kujengea imekwisha, tuliikalia sisi. Kwa hiyo sasa ni ghorofa, zinajengwa Dar es Salaam kwenye shule zilizokosa pa kutanukia, na yetu imeingia kwenye hesabu. Wiki iliyopita wakaja wapimaji, na miguu mitatu yao ile ya kuchungulia. Wanatafuta mpaka wa shule. Mpaka wa shule ni mimi.

Wakapima. Wakapima tena. Kijana mmoja akaja na rangi nyekundu, akapitisha mstari katikati ya banda la kuku. Kuku hawakujali. Mstari ukaendelea. Ukafika chooni. Mlango wa choo uko kwangu, shimo liko shuleni.

"Mzee," akasema yule kijana, kwa adabu, nampongeza, "hapa unaingilia nyumbani, unamalizia serikalini."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamtazama Madamu, nikitegemea yeye ndiye atanitetea, mimi niliyebeba simenti kwa kaunda suti. Lakini Madamu alikuwa anawaza. Mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana ishirini, wavulana ishirini na watano, na yeye matundu hayamtoshi hata nusu. Akazunguka choo changu. Akasukuma mlango, akachungulia ndani.

"Hiki kina tundu moja au mawili?"

"Moja," nikasema.

Akafungua daftari la vifaa, akaandika, akanigeuzia ukurasa na kalamu. Nikamuuliza nisaini nini.

"Kupokea, Baba Shamimu. Kamati si ni wewe?"